Mnyapara wa Hermelinda na Maji ya Baraka

Manyunyu hayajakatika juu ya mji wa Coatepec tangu alfajiri, na Hermelinda Xocua amepiga magoti kati ya vyungu vya maua nyuma ya choo cha kitalu. Anainua kimoja, anachungulia chini yake, anabandua kikonokono kilichojishikiza na kukitia kwenye kikombe cha plastiki.

"Umealikwa mezani," anakiambia. "Usiulize kama mgeni au kama mboga."

Vikonokono hivi ndivyo vinavyotafuna miche ya kitalu anachofanyia kazi. Anayevingoja nyumbani kwake ni konokono wa aina nyingine: mrefu, mwenye gamba la rangi ya waridi iliyochujuka, na vijinyama viwili mdomoni kama masharubu. Huyo hali majani. Anakula konokono wenzake. Ndiyo maana Hermelinda alimpa jina la Mnyapara.

"Simtukani," anasema akicheka. "Namweleza tu alivyo."

Wanyapara anawajua. Bei ya kahawa ilipoanguka, wenye mashamba walifunga malango, wanaume wakaenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi, wanawake wakaingia vitaluni. Huko walikabidhiwa punje za bluu, sumu ya konokono, wazimwage kwa mikono mitupu. Mshahara wa siku haukununua glavu, na mwajiri hakuona kwa nini anunue yeye. Vidole vilivyochubuka miaka ile hakuna aliyeviandika popote. Basi viandikwe hapa.

Mnyapara alipatikana kwenye tuta lililomwagiwa sumu msimu wa mvua uliopita, akiufuata ute wa konokono aliyekwisha kula punje.

"Nikamwambia, we mjinga, huyo unayemkimbilia ana kifo tumboni! Nikamtia kwenye aproni, nikaendelea na kazi."

Tangu hapo chakula chake hutoka nyuma ya choo cha kitalu, mahali pekee ambapo sumu haijafika. Anaishi kwenye chungu kipana kilichofunikwa wavu, juu ya udongo unyevu na kuvumwani. Hermelinda humsagia ganda la yai, gamba lake lisije likalainika, na humnyunyizia maji ya mvua tu. Wakati wa kumlisha, kikonokono huachwa kwanza kitambae na kuacha ute. Mnyapara huugusa kwa masharubu, hutulia kidogo kama anayesoma, kisha huondoka kwa kasi mpaka unaona haya kumwita konokono.

"Watu wanafuga paka, komadre. Wewe umefuga msiba," jirani yake Nicanora humtania; huitana komadre kwa kuwa Nicanora alimsimamia binti wa Hermelinda ubatizo.

"Na paka wako anakula nini? Mchicha?"

Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abati, watu wa hapa hupeleka wanyama wao kanisani wakabarikiwe. Hermelinda alikifunga chungu utepe mwekundu, akapanga foleni. Mbele yake mbwa aliyevishwa sweta, nyuma yake bata mzinga.

"Huyo naye ana roho?" aliuliza mwenye bata mzinga.

"Kuliko bosi wangu."

Padri Eleuterio alichovya tawi na kunyunyiza. Wala hakuwa bahili. Matone yalipomwangukia Mnyapara, alijikunja na kuanza kutoa povu.

Hapo ndipo Hermelinda alipokumbuka. Maji ya baraka hutiwa chumvi, na wenyeji wanayapenda makali, maana huyabeba nyumbani kunyunyizia mahindi na vizingiti vya milango. Kila mwaka mtaa mmoja huchanga chumvi hiyo. Safari hii ilikuwa zamu ya mtaa wake, na mfuko aliubeba mwenyewe mgongoni.

"Padri, acha! Chumvi! Chumvi yangu!"

"Mama, haya ni maji matakatifu."

"Hayo hayo matakatifu yanamuua!"

Nicanora hakungoja wamalizane. Alichomoa mayungiyungi kwenye chombo kilichokuwa miguuni pa mtakatifu, akamtupia padri kifuani, akammwagia Mnyapara maji yote.

"Mtakatifu atatusamehe! Mwenyewe alifuga nguruwe!"

"Haya maua niyaweke wapi?" aliuliza padri.

"Tupa huko, padri, kimbia ukatuletee maji mengine! Ya mvua! Kwenye pipa!"

Padri akakimbia, pindo la kanzu mkononi.

Walimsuuza mpaka povu likaisha. Mnyapara akajifungia ndani ya gamba, asitoke. Siku zikapita. Kila asubuhi Hermelinda alimwekea kikonokono, na kila jioni alikikuta kinazurura salama, kimenona. Kazini, yule mnyapara wa miguu miwili alimcheka: "Si konokono tu, mama? Tutakuokotea mwingine."

"Ndivyo wanavyosema hata sisi tukiugua," anasema Hermelinda, na kwa mara ya kwanza hacheki.

Aliyemwona akitoka kwenye gamba ni Nicanora, aliyekuja kuazima kibanio cha kukandamizia chapati za mahindi.

"Komadre! Toka huko jikoni! Msiba wako umefufuka!"

Sharubu moja lilibaki na kovu. Sasa Mnyapara akifuata ute huvutwa kidogo upande wa kushoto, na Hermelinda humwekea chakula kushoto asihangaike.

Wiki hii amekuta mayai udongoni, meupe na magumu kama vidonge. Harusi, anadhani, ilifungwa kule kitaluni kabla hajamwokoa. Yakianguliwa, watoto atawapeleka kwenye matuta ya miche wakawinde. Wanawake wenzake wamekubaliana kwamba matuta hayo hawatayamwagia punje, aje mnyapara au aje bwana mwenye kitalu.

Na bwana, anaulizwa, ameombwa ruhusa?

Hermelinda anafunika chungu kwa wavu, taratibu, asimshtue aliyemo.

"Sumu alipoileta," anauliza, "alituomba sisi?"