Mstari wa Kijani

Mwalimu wa fizikia huingia maabara akiburuta miguu, hupangusa meza kwa kiganja, kisha hulitoa bomba la kioo sandukuni kwa mikono miwili, pumzi ameibana. Huu ni mwaka wake wa ishirini na sita wa kufundisha, na maneno ni yaleyale: "Humu hewa imenyonywa. Ukiwasha umeme, mionzi ya kathodi inatoka upande huu hasi." Wanafunzi hunakili bila kuinua macho, naye hamkaripii mtu, amechoka.

Leo alipowasha umeme na mstari wa kijani ukang'aa ndani ya bomba, msichana wa kiti cha nyuma alisema, "Mwalimu, mimi sikubali. Huo si mwanga tu, kama wa tochi?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitafuta tochi, akamulika ukutani, akamwita msichana asogeze sumaku mwenyewe karibu na mwanga huo. Mwanga haukutikisika. Kisha msichana akaisogeza kwenye bomba, na ule mstari wa kijani ukapinda.

"He! Basi si mwanga!" msichana alisema.

"Ni chembe," mwalimu alisema. "Chembe zenye chaji hasi ya umeme, ndiyo maana sumaku inazipinda."

Akavuta kigoda, akaketi, akafuta miwani yake kwa muda mrefu. Ilikuwa miaka mingi hajabishiwa.

"Haya," akasema taratibu, "nani mwingine hakubali?"