Konea ya Mdogo Wangu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu, mdogo wangu wa kike alinipigia simu kutoka milimani, juu ya Mkuyuni. Jioni iliyotangulia alikuwa shambani na jani la mhindi likamchapa jicho la kushoto.

"Shikamoo kaka. Linachoma kama lina mchanga."

"Marahaba. Unaona?"

"Naona, ila machozi hayakatiki. Nishuke mjini?"

"Umetia nini?"

"Maji ya chumvi tu."

Mimi ni mtunza sampuli katika maabara moja huku mjini, Mazimbu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, kamusi mkononi. Hupokea macho ya ng'ombe kutoka machinjioni, nikakata konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na kuilaza chini ya darubini ya leza. Leza yenyewe haionekani kwa macho. Ikipenya kwenye nyuzi za kolajeni zinazoipa konea uimara wake, nyuzi hizo hutoa mwanga wa kijani bila kutiwa rangi yoyote. Konea ikiwa nzima, nyuzi hulala tabaka juu ya tabaka, zikikatizana kama ukindu wa mkeka.

Nilikuwa nimesoma kwamba utando wa juu wa konea ukichubuka hujifunga wenyewe kwa siku mbili tatu. Nikamweleza hivyo, taratibu, nikamwambia asubiri.

"Haya, wewe unayeshinda na macho ya ng'ombe," akacheka. "Langu haliwezi kukushinda."

Siku ya tisa alishuka, jicho amelifunika kwa kipande cha kanga. Nilipofunua niliona doa jeupe lenye kingo zisizo sawa, na chini yake usaha umetuama. Nilimpeleka hospitali saa ile ile. Daktari alikwangua kidogo, akapima, akasema ni kuvu, na kwamba huenda iliingia na lile jani.

"Mama, uliweka dawa gani?" daktari akamuuliza.

Mdogo wangu alinitazama kwanza mimi, kwa jicho lililo zima.

"Majani. Mama mkwe alinikamulia kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungenigombeza, kaka. Si unatugombezaga wote?"

Ni kweli. Kwa miaka mingi, kila nilipopanda nyumbani, niliwasema kwa dawa hizo mbele ya watu. Hawakuziacha. Waliacha kunitajia.

Dawa ya kuvu ilianza imechelewa. Siku ya nne wodini konea ilitoboka, na daktari akaamua kuliondoa jicho. Kabla ya upasuaji nilimuuliza mdogo wangu kama maabara inaweza kubaki na konea. Alisoma fomu yote, akatia sahihi.

"Chukueni. Ila usije ukaniita kuiangalia."

Niliikata mwenyewe. Pembezoni nyuzi zilikuwa za kijani, zimenyooka. Kuelekea katikati zilipinda, zikakatika vipande vipande, kisha pakawa peusi. Nilidhani nimelenga vibaya. Nikarekebisha, nikaongeza nguvu ya leza kidogo, nikapiga picha tena. Nilikuwa nimelenga sawasawa. Hapakuwa na kolajeni iliyobaki ya kutoa mwanga.

Nilijaza daftari la sampuli kama kawaida: tarehe, unene, kina cha picha. Hapakuwa na safu ya kuandika kwamba mgonjwa aliomba kushuka siku ya kwanza, nami nikamjibu asipoteze nauli kwa mchubuko. Nauli hiyo, kuja na kurudi, nilimwokolea: shilingi elfu kumi.