Honi ya Treni ya Saa Kumi

Ozella Tolliver alikosea tangu mwanzo: alimdhania mpiga hamonika yule kuwa mtu asiyefundishika. Kila Jumamosi, kwa kinyozi pale mjini Clarksdale, mpigaji huyo aliichovya hamonika yake katika glasi ya maji ili mbao zake zivimbe, akaikung'uta gotini, akaifumbata kwa viganja vipana kama anayekinga kiberiti na upepo, kisha akapuliza wimbo ule ule wa bluzi unaoiga treni ya zamani ya saa kumi. Hakutabasamu kamwe. Mlio wa magurudumu ulitoka sawasawa. Honi ilitoka vibaya kila mara. Hapo baba yake Ozella, aliyewahi kuchochea makaa katika treni ile, na ambaye tangu apatwe na kiharusi hakutamka neno nyumbani, aligonga fimbo sakafuni.

"Sivyo, mjinga wee! Honi ya mwisho ishuke ikilia!"

"Niwie radhi, mzee wangu. Wiki ijayo nitaipata."

"Wiki jana ulisema hivyo hivyo!"

"Huyu ana masikio kweli?" Ozella alimnong'oneza kinyozi, naye akaendelea kunyoa.

Mzee alizikwa mwezi Machi. Kando ya kaburi mpiga hamonika aliikung'uta hamonika yake gotini, akapuliza honi, na ya mwisho ikashuka ikilia, bila kosa lolote. Ozella alimgeukia kinyozi.

"Kumbe hatimaye amejifunza."

"Hivyo ndivyo alivyoipuliza miaka yote, dada," kinyozi akasema, "mpaka baba yako alipoacha kuzungumza."