Redio Iliyosikia Kila Kitu

Msinisifie ile redio. Wateja wangu pale mtaa wa Sakina, Arusha, walikuwa wakiiona wanashangaa: kisanduku cheusi kisicho na hata kitufe kimoja, kimechomekwa kwenye kompyuta ya mtumba, kazi yote inafanywa na programu. Kilikuwa cha daktari mmoja mzungu, mpenzi wa redio za ridhaa, zile za watu wanaozungumza hewani kwa kujifurahisha tu. Aliporudi kwao akaniachia mimi, fundi wake wa redio. Kwenye skrini nilikuwa naona mawimbi yote yamesimama kama meno ya kitana. Nabofya jino moja, nabana kichujio, nakata mluzi wa jirani yake, na sauti iliyokuwa inakufa inatoka safi kabisa. Nilijivuna nayo, sikatai.

Kila saa nne asubuhi nilisikiliza redio koo, ile ya kuitana na kujibizana, ya zahanati moja upande wa pili wa Meru, ambako simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Mama alilazwa pale, ana homa ya mapafu. Alikataa kuletwa mjini, eti nisisumbuliwe. Tukakubaliana na baba: mama akizidiwa, yeye baba atasema redioni, ofisi ya Kijenge hapa mjini, inayopokea redio ya zahanati, itanipa taarifa, nami nitakwenda na gari la fundi mwenzangu. Gari lilishajazwa mafuta, limeegeshwa mlangoni kwangu.

Siku ya tatu nikamsikia baba. "Arusha, Arusha, hapa zahanati." Halafu kimya. Kijana anayeshika redio pale Kijenge akawa anasema, "Zahanati sikupati, kuna kelele, rudia." Kituo fulani cha ng'ambo kilikuwa kinanguruma jirani na masafa yao, na redio yake ya zamani haikuweza kukichuja. Baba naye, nadhani, hakuwa anamsikia. Mimi nilimsikia baba mpaka anavyokohoa.

Jamani, baba yangu! Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwake mdogo hapewi ujumbe kabla hajamwamkia mkubwa. Siku zote kijana wa Kijenge alianza na shikamoo, baba akaitikia marahaba, wakapitia habari za kazi, za mvua, za ng'ombe, ndipo neno lenyewe lije. Nilishamwambia betri ya pale inategemea jua, afupishe. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Sasa akawa anaita, ananyamaza kusubiri shikamoo, haiji, anaita tena.

"Shikamoo baba!" nikapiga kelele kwenye maikrofoni. Wapi! Kifaa kile kilipokea masafa yote, lakini kurusha kilifungiwa kwenye masafa ya ridhaa peke yake. Nikabonyeza, programu ikakataa. Nikaipigia simu ofisi ya Kijenge. Ikaita mpaka ikakatika, maana yule kijana akishavaa visikizio hasikii kengele. Mtu mwenye akili angejua baba haiti hivyo bure, angeingia garini saa ile ile. Mimi, fundi mzima, nikaanza kuhangaika kufungua kufuli la programu, kwa sababu niliona aibu kushindwa na mashine. Nusu saa nzima! Betri ya zahanati ikawa inaisha, sauti ya baba inafifia, na mimi nazidi kuisafisha. Mara ya mwisho alisema, "Arusha, hamjambo huko?" Kisha lile jino likazama kwenye skrini.

Niliendesha kama kichaa. Nikamkuta baba ameketi kwenye benchi la zahanati, kofia iko magotini. Mama alikuwa amefariki dakika ishirini kabla sijafika. Muuguzi akaniambia alizidiwa tangu asubuhi, walikuwa wanaomba gari wampeleke mjini kwenye oksijeni.

Nikapiga magoti mbele ya baba. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimsikia tangu mwanzo, kila neno.

"Ulinisikia?" akauliza. "Sasa mwanangu, mbona hukuniamkia?"