Viti vya Mjomba

Jina la Balozi alipewa kwa kejeli, likamganda kama gundi ya mbao kwenye vidole. Alikuwa msimamizi wa karakana ya viti, lakini ujanani aliwahi kubeba mabegi ya wageni katika hoteli moja kubwa, na huko ndiko alikookota lugha yao, neno hapa neno pale, kama mtu anayeokota misumari chini ya meza ya fundi. Bosi alipopata mnunuzi wa nje, wa kwanza kuitwa ofisini alikuwa yeye. Mafundi walimwona amesimama mlangoni na mgeni, anacheka kabla mgeni hajamaliza sentensi, na shemeji yake akatikisa kichwa.

"Haya, balozi tumepata. Imebaki nchi."

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa fundi mkuu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi yake. Balozi ndiye aliyemtia kazini. Kwa kweli alimtia kazini karibu kila mtu: binamu wawili kwenye msasa, mtoto wa dada yake kwenye vanishi, jirani yake kwenye kupakia. Ukipiga chafya mle ndani, nusu ya wanaokuombea afya ni ukoo, na nusu nyingine ni wakwe. Viti vile vilikuwa vinawalisha wote hao, na vyote vilikuwa vinakwenda kwa mtu mmoja.

Mtu mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mwenye shati lile lile la mistari kila safari, mpaka wakadhani huko kwao yanagawiwa. Safari ya kwanza Balozi alimchukua hadi nyumbani, kwa kuwa haiwezekani mgeni ale hotelini kama yatima wakati watu wapo. Mama watoto akapika, watoto wakampanda magotini, na kabla sahani hazijaondolewa mdogo wao alikuwa ameshamwita Mjomba. Shemeji alikuwepo, akaweka kijiko chini. Kama huyu ni mjomba wa watoto, alisema, basi mama yangu alinificha mtoto. Nyumba nzima ikacheka, Mjomba naye akacheka bila kujua kinachochekwa, na jina likashika. Hata bosi akawa anauliza, Mjomba anatua lini?

Wala hakuwa mtu wa kujifanya. Alikaa sakafuni na watoto hadi miguu ikafa ganzi, akainuliwa na watu wawili. Mama yake Balozi alipougua, Mjomba alikuwa anapiga simu kuuliza mgonjwa amekula nini leo. Alipofariki, Mjomba alikata tiketi, akaja, akasimama makaburini akilia kuliko baadhi ya watu waliogombea vyombo vya marehemu wiki ile ile.

Ila alikuwa na tabia moja. Kila alipokuja, kabla ya mengine yote, alivuta kiti kimoja kutoka kwenye fungu, akakitikisa, akasema kwa sauti ile ile ya upole kwamba mbao hazijakauka vya kutosha. Kwao nyumba zinapashwa moto miezi mingi, hewa inakuwa kavu, mbao zinasinyaa, maungio yanalegea, na kiti kilichotoka hapa kimesimama kama askari kinaanza kuyumba kama mlevi. Mnahitaji tanuri la kukaushia mbao. Akishasema hayo alimtazama Balozi.

Balozi alimsikia. Alimsikia kama unavyomsikia mgeni akisema jua la kwenu ni kali: unakubali, unamsogezea kivuli, mnaendelea. Mtu mwenye jambo zito angenuna. Angekataa hata maji. Angemtuma mtu wa tatu aje kusema kwa niaba yake. Huyu alikuwa anasema huku anatabasamu, halafu anakwenda kula na kumbeba mtoto mabegani. Kwa hesabu za Balozi, yale ya karakana yalikuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Biashara yenyewe ilikuwa inafanyika pale mezani.

Balozi alimwambia bosi, mara moja, tena kwa kuzungukazunguka ili asimvunjie heshima. Bosi akajibu kwamba viti vya sebuleni kwake vina umri wa mtoto wake wa kwanza na havijayumba, na kwamba tanuri ni bei ya nyumba. Mambo yakalala hapo. Mjomba alipouliza tena, Balozi alimwambia tunalifanyia kazi, kisha akamuuliza hali ya mama yake.

Basi siku moja ukaja ujumbe kwenye kompyuta ya ofisini, mfupi, wa adabu: kontena linalofuata litakuwa la mwisho. Bosi alimwita Balozi asome tena kwa sauti, kana kwamba sauti ingebadilisha kitu. Mafundi wakajaa mlangoni na vumbi lao. Shemeji ndiye aliyetoa kauli. Maneno ya kompyuta hayana macho, alisema. Mtu akuzikie mama yako, halafu akukatalie ana kwa ana? Nenda ukakae naye. Bosi akatoa nauli, akiitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Mama watoto, alipokuwa akimkunjia mashati, alimuuliza kama amemwarifu Mjomba kwamba anakuja. Balozi alishangaa. Ndugu unampa taarifa kama polisi? Ukimwambia mapema ni kumtia gharama ya kujiandaa. Unatokea tu, na furaha yake ndiyo mapokezi.

Alitokea tu, kwenye jengo la vioo, na begi mkononi. Binti wa mapokezi akamuuliza kama ana miadi. Balozi akamwambia yeye ni ndugu yake. Binti akamtazama, akatazama skrini, akamtazama tena, kama aliyeambiwa kabati lina undugu na meza. Mjomba alishuka kwa ngazi. Usoni alionekana kwanza mshtuko, na Balozi aliuona, kisha furaha, nayo aliiona, na ilikuwa ya kweli. Wakakumbatiana. Halafu Mjomba akatazama saa. Alikuwa na watu ndani, na baada ya hao wengine. Angeweza kumpa nusu saa, alasiri.

Balozi akakaa kwenye kochi la mapokezi karibu na mti wa plastiki. Nyumbani kwa Balozi, Mjomba hajawahi kungoja hata chumvi.

Alasiri ilipofika, salamu peke yake zilikula muda karibu wote. Mke hajambo, mama yake Mjomba hajambo, watoto wamekua. Kisha Balozi akasogeza kiti, akayaeleza: binamu mwenye mapacha, jirani aliyeanza kujenga, mtoto wa dada aliyechumbia juzi. Mjomba alisikiliza yote, mikono imelala juu ya meza.

"Nilikwambia," alisema mwishowe. "Kila nilipokuja nilikwambia."

"Uliniambia. Lakini hukukasirika."

"Nikukasirikie kwa nini? Wewe ni rafiki yangu. Rafiki namwambia ukweli taratibu."

Balozi aliomba mwaka mmoja. Aliapa kwamba tanuri litanunuliwa, akijua anaapa kwa niaba ya bosi asiyetaka kulisikia. Mjomba akamweleza, polepole tena, kwamba wanunuzi wamerudisha viti, kwamba duka lake lenyewe lilikaribia kufungwa, kwamba alivumilia kwa ajili ya Balozi miaka ambayo mwenzake wa biashara alikuwa anamwita mjinga. Ameshasaini na watu wengine. Macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akajifuta, akatabasamu lile tabasamu la siku zote.

"Jioni tunakwenda nyumbani. Mama akijua uko hapa hatalala kwa furaha."

Angekuwa mtu wa roho mbaya, Balozi angepata pa kushika. Angemtukana, angetoka na hasira zake akiwa mtu mzima. Sasa mtu anakunyang'anya riziki ya ukoo huku anakushika bega, na mkono ule haudanganyi.

Alikwenda. Ukutani, katikati ya picha za familia yao, kulikuwa na picha ya watoto wa Balozi, na ya mama yake marehemu kwenye fremu nzuri kuliko iliyoko nyumbani. Bibi, mama yake Mjomba, aliwataja wajukuu wa marehemu mmoja mmoja kwa majina. Alijua nani aling'oka jino na nani anaogopa mbwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kontena la kwanza. Chini ya mguu mmoja wa kiti walikuwa wameweka kipande cha boksi kilichokunjwa, na kila Bibi aliponyoosha mkono kuchukua mkate, kiti kilitikisa kichwa. Balozi alikula kila alichowekewa. Upendo ulikuwepo pale mezani, mzima, haukupungua hata punje, na haukuwa na uwezo wa kumlisha hata binamu mmoja.

Ndani ya ndege aliamua kwamba safari hii hatazunguka. Atasema kama Mjomba anavyosema.

Alifika, akaenda karakana moja kwa moja na begi lake. Wakakusanyika, bosi akiwa mbele. Akawaambia oda hakuna tena, mbao zetu ni mbichi, mtu ameshasaini na wengine, tutafute pengine pa kula. Kisha shemeji akauliza.

"Alikasirika?"

"Hapana."

"Alikupeleka kwake?"

"Alinipeleka."

"Ukala?"

"Nikala, shemeji, lakini nisikilize..."

"Na mama yake? Aliwaulizia watoto?"

"Kwa majina yao."

Shemeji akashusha pumzi, akawageukia wenzake. "Sasa huyu anatutisha nini? Mtu amekulisha kwake, mbele ya mama yake mzazi. Huyo anavuta bei tu. Mjomba mjanja, ameshajifunza kwetu."

Wakaangua kicheko cha watu waliotua mzigo. Hata bosi alitabasamu, akasema alijua tangu mwanzo. Balozi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akamshika shemeji mkono, akasema amekwisha saini, unasikia, amekwisha. Wakamhurumia. Walisema ni uchovu wa safari, ndege inakausha akili, aende nyumbani akalale.

Hakwenda. Alikaa juu ya rundo la mbao zilizoletwa majuzi. Msumeno ukawashwa. Binamu yake akaja na kalamu sikioni, akamuuliza kama miguu ya viti vya safari hii ikatwe kwa kipimo kile kile. Balozi akaupapasa ubao aliokalia, kiganja kikarudi na unyevu. Akamtazama kijana mwenye mapacha.

"Kile kile," akasema.