Baba Hakuvuka Daraja la Bwera

Baba alikuwa hajawahi kuja Uganda. Alifundisha shule ya msingi kwetu Butembo, nchi jirani, mpaka akastaafu. Nilimpigia simu kutoka Kasese, nilikokuwa nikisoma, nikamwambia kwamba sisi wanafunzi wa kigeni tunaandaa kongamano, mimi ndiye katibu, na ningependa aje anisikie nikiwasilisha makala yangu.

"Kule banasema Kiingereza," akasema. "Miye nitasikia nini?"

"Nitaongea Kiswahili, papa. Kwa ajili yako."

Mwenyekiti wetu hakupenda. Alikuwa kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kenya, tukisoma darasa moja, na aliogopa kwamba wageni kutoka Kampala wangetudharau kwa kutumia Kiswahili. Tulibishana siku mbili tatu. Mwishowe akasema, "Basi ongea Kiswahili chako. Mimi nitasimama kando yako nitafsiri."

Kuandaa kongamano ukiwa mgeni ni kazi ya kuomba. Tuliomba ukumbi wa parokia, tukaazima projekta, tukawasihi wenye mashamba Bugoye watuache tuwapeleke wageni kuona kilima kilichoporomoka, maana mada yetu ilikuwa maporomoko ya udongo. Mama mwenye nyumba yangu, wa kabila la Wakonzo, alijitolea kutupikia. Lugha yake, Kikonzo, na Kinande chetu cha Butembo zinakaribiana sana, na kwake niliishi kama binti wa nyumbani.

Mwaka huo Ebola ilikuwa imeshika Beni na Butembo. Mpaka ulikuwa wazi, lakini kila anayevuka alinawa maji ya dawa na kupimwa joto. Siku moja kabla ya kongamano nilikwenda Bwera, mpakani, kumpokea baba. Nilisimama upande wa Uganda wa daraja, nikamwona ng'ambo katikati ya wachuuzi, amevaa koti jipya la kijivu ambalo mikono yake ilikuwa mirefu kidogo. Mhudumu akamwelekezea kipimo kwenye paji la uso. Kisha akamtoa kwenye mstari, akampeleka kwenye hema.

Simu yangu ikalia.

"Banasema niko na moto mu mwili," baba akasema. "Ni malaria tu, mama. Usiogope."

Nilikimbilia darajani. Afande akanizuia. "Wewe! Rudi nyuma!"

"Yule ni baba yangu."

Alitazama lile hema, akapunguza sauti. "Dada, ukiingia kule, leo haurudi. Watakuweka pamoja na yeye."

Nikamwambia baba kwenye simu kwamba nakuja hivyo hivyo.

"Hapana," akasema, kwa ile sauti yake ya darasani. "Batu banakungojea kesho. Rudia ku kazi yako. Nitakuja mara ingine."

Alitoka mlangoni mwa hema, akanyoosha mkono juu. Nami nikanyoosha wangu. Tukakaa hivyo mpaka gari la wagonjwa likaja kumchukua.

Kesho yake nilizungumza Kiswahili, mwenyekiti akatafsiri. Watu walipiga makofi. Niliulizwa maswali kuhusu miti ya kupanda kwenye miteremko, na wanasema nilijibu vizuri.

Siku ya mwisho tulikuwa Bugoye, wageni wakikipiga picha kilima, kaka yangu alipopiga simu kutoka Butembo.

"Papa amekwenda," akasema. "Ametuacha."

Mwenyekiti aliuchukua mkono wangu, akaniketisha kwenye nyasi. Aliwaambia wageni warudi mjini na basi, yeye akabaki na mimi mpaka nikaweza kusimama.

Watu wenye mavazi meupe ya kujikinga na Ebola ndio waliomzika. Kaka aliinua simu yake nione, lakini mtandao ukawa unakatika, na nilichoona hasa ni migongo yao. Baadaye majibu ya vipimo yakatoka: haikuwa Ebola. Kaka alinisomea kwenye simu.

Mama mwenye nyumba aliita majirani zake. Walikaa nami uani, wakaomboleza kwa Kikonzo maneno yale yale ambayo mama yangu alikuwa akilia nayo Butembo.

Baadaye wenzangu waliandaa kongamano jingine. Niliwasaidia kupanga viti, nikaondoka kabla wageni hawajaanza kuingia.