Shavu la Ndeshi

Juzi, pale Njoro, nilimwona mama mmoja akimkanda mwanawe shavu lililopooza, nikamkumbuka dada yangu Ndeshi, ambaye alipona zamani. Utotoni uso wake ulipinda upande mmoja, na jicho la upande huo likawa halifumbi. Kila alasiri Mama alimkanda kwa kitambaa cha moto kilichonukia mafuta ya nazi, kisha wakajitazama kiooni pamoja, wakijaza mashavu upepo. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya ndizi, nikidhani ule ni mchezo wa mtoto anayependwa. Nilimwonea wivu.

Alasiri moja nilipindisha mdomo, nikawaendea. "Mama, na mimi naumwa."

"Hebu fumba macho nione."

Nilifumba jicho moja tu, kama Ndeshi.

Mama aliketi sakafuni ghafla, akanipakata. Nilifurahi mno. Sikujua kwamba miguu ilikuwa imemwishia nguvu kwa hofu.